Tangazo Linalosomwa Hadi Mwisho

Kazi yangu ni kuwashika watu waliokuja kwa bahati mbaya. Mtu anatafuta bei ya mbolea kwenye simu, kidole kinateleza, anajikuta kwenye tovuti ya redio yetu hapa Jinja, nami nalipwa ili asiondoke. Shahada zangu hazikunitayarisha kwa hilo. Nilisomea fasihi, nikaandika makala za gazeti kwa miaka mingi, na nilidhani wasomaji wangu ni wengi kwa sababu hakukuwa na njia ya kuwahesabu. Gazeti lilipokonda na kunitema, redio ikaniokota. Hapo ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza, kwenye kioo cha kompyuta, jinsi mtu anavyoanza kusoma nilichoandika, anafika sentensi ya pili, na anakwenda zake.

Walinipeleka semina Kampala. Mkufunzi alitueleza kwamba msomaji wa mtandaoni ni mtu aliyesimama mlangoni huku mguu mmoja uko nje. Jambo kuu liwe juu. Kichwa cha habari kiwe na maneno yale yale ambayo mtu angeyaandika akitafuta. Aya ziwe fupi, picha ziwe nyepesi, maana wengi wetu tunanunua bando la siku, na ukurasa mzito hulimaliza kabla haujafunguka. Niliandika yote hayo kwa bidii, kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, kisha nikarudi Jinja nikayafuata. Niliandika upya makala kuhusu chanzo cha Nile, kuhusu mahali pa kula samaki, kuhusu bei ya mahindi Budondo. Watu walikuja, wakachungulia, wakaondoka.

Ukurasa uliowashika haukuwa wangu. Ulikuwa wa matangazo ya vifo.

Huku kwetu mtu akifa, familia hupeleka tangazo redioni. Husomwa kwa Kisoga, Kimasaba na Kiganda, na kwa Kiswahili pia, kwa ajili ya watu wa kambi za polisi na magereza na wafanyabiashara wa kutoka Kenya. Jina la marehemu, mahali pa maziko, halafu msururu mrefu wa wale ambao habari ziwafikie: watoto, wakwe, wajukuu, binamu wa Tororo, shangazi aliyeolewa Iganga. Mkuu wa kituo alitaka msururu huo ukatwe kwenye tovuti. "Nani atakaa kusoma majina ya watu wasiomhusu?" aliniuliza. Mimi nikatazama takwimu, nikaona kwamba watu wanakaa. Wanashuka polepole mpaka chini, kisha wanapanda tena juu. Ilinichukua muda kuelewa kwamba wanajitafuta wenyewe.

Kutajwa ni kuitwa nyumbani. Kutotajwa ni ugomvi ambao ukoo utaulea kama mtoto. Aliye na uhakika kwamba ametajwa hutazama mara moja akaondoka. Mwenye mashaka husoma mpaka mwisho, halafu huanza tena, asije akawa amejiruka. Basi nikapanga ukurasa upya kwa ajili ya wenye mashaka. Saa na mahali pa maziko niliviweka juu kabisa, maana mimi pia ni binadamu. Chini yake walikuja wale wa uhakika, kisha wa mbali, kisha wa mbali zaidi. Na mwisho kabisa, baada ya nafasi tupu, niliacha mstari mmoja wa peke yake kwa ajili ya yule aliyepotea: mtoto aliyeko Sudan Kusini, ndugu ambaye hakuna anayejua alipo. Watu walikuwa wanafika kwenye mstari ule na kusimama. Waliupiga picha, wakawatumia wenzao. Wageni wa tovuti wakaongezeka, watangazaji wa biashara wakaanza kupiga simu, na wasomaji wetu wa studioni wakaacha karatasi, wakawa wanasoma matangazo moja kwa moja kutoka kwenye ukurasa wangu.

"Mzee," mkuu wa kituo aliniambia, "sasa hata marehemu wanatufanyia kazi."

Nilicheka. Ulikuwa mzaha mzuri kwa mtu ambaye hajafiwa karibuni.

Baba alifariki Mbale, asubuhi, katika majira ya mvua. Dada alinipigia nikiwa ofisini. "Amekwenda," alisema. Nikasema, "Sawa." Kisha nikamalizia kichwa cha habari nilichokuwa nakisahihisha, cha barabara iliyokatwa na maji, nikakihifadhi, nikafunga dirisha la kompyuta kwa utaratibu. Watu wameniuliza tangu siku ile nilijisikiaje. Nilijisikia kama mtu aliyeambiwa kwamba mkutano umeahirishwa.

Baba alikuwa askari magereza mstaafu. Tulilelewa kwenye nyumba za askari, kambi hadi kambi, na Kiswahili changu kilianzia hapo, nje ya milango ya mabati, kabla ya vitabu kukinyoosha. Watu wengi wa umri wake wakisikia lugha hii hukumbuka miaka ya utawala wa wanajeshi na kunyamaza. Kwetu ilikuwa lugha ya uji na ya kuvutwa masikio. Hata alipostaafu akahamia Namakwekwe, mjini Mbale, kwenye chumba cha nyuma ya duka la dada, alibaki afande kwa kila mtu. Waendesha bodaboda walimwita afande. Muuza chapati alimwita afande. Sisi watoto tulimwita baba, lakini kwa sauti ile ile.

Tulikuwa watatu: kaka, dada, halafu mimi. Na tangu ujana wetu, kaka hakuwa akihesabiwa.

Sisi ni Wamasaba. Mvulana wetu huwa mwanamume uwanjani, mbele ya ukoo, amesimama wima amepakwa unga wa chachu ya mtama, kisu kikipita naye asipepese. Hiyo ndiyo imbalu, tohara yetu. Baba, aliyeishi maisha yake yote mbali na kwao kwa sababu ya kazi, aliishika mila hiyo kwa nguvu kuliko waliobaki kijijini. Msimu wa kaka ulipofika, ng'ombe alikuwa amekwisha kununuliwa na pombe imekwisha kupikwa. Kaka akapanda basi, akaenda Jinja, akatahiriwa kwenye zahanati kwa ganzi na bandeji safi. Kwa daktari yeyote huo ni uamuzi wa mtu mwenye akili. Baba aliwaambia wageni wanywe, pombe isiharibike, halafu akasema mbele yao wote kwamba yule amebaki na watoto, na atahesabiwa na watoto.

Mimi nilisimama uwanjani zamu yangu ilipofika. Sijui mpaka leo kama ulikuwa ushujaa au nilikuwa namwogopa baba kuliko kisu. Kaka hakurudi. Alifanya kazi hii na ile, mwishowe akatulia Masese, kwenye mwalo wa wavuvi, akinunua na kuuza mukene, dagaa wetu wa ziwani. Tulikaa mji mmoja, yeye kando ya maji na mimi kwenye ofisi yenye feni. Tulipokutana sokoni tulisalimiana kama watu waliowahi kusoma darasa moja.

Dada alipiga tena simu kabla sijatoka ofisini.

"Wazee wamesema tunazika keshokutwa, kule kijijini. Mtafute kaka."

"Simu yake haipatikani."

"Ndiyo maana nimesema umtafute, sikusema umpigie. Nataka yeye ndiye atupe udongo wa kwanza. Ni mtoto wa kwanza."

"Baba mdogo atakubali?"

"Baba mdogo amekwisha sema utatupa wewe. Mimi ndiye niliyemlisha baba kwa kijiko, profesa. Nataka kitu hiki kimoja."

Nilikwenda Masese. Banda la kaka lilikuwa limefungwa. Mwanamke aliyekuwa anaanika mukene kwenye wavu pembeni alinitazama viatu kwanza.

"Wewe ni wa kanisa au wa benki?"

"Ni ndugu yake."

"Hajawahi kusema ana ndugu." Aliendelea kutandaza samaki kwa kiganja. "Amevuka visiwani kununua mzigo. Atarudi mzigo ukipatikana."

"Baba yetu amefariki."

Hapo aliinuka, akafuta mikono kwenye leso, akanipa pole kwa heshima yote, na nikaona aibu kwamba yeye ameipokea habari vizuri kuliko mimi. "Kule kisiwani network inakuja na kwenda," alisema. "Lakini redio wanasikiliza, na picha za simu zinafika. Tuma habari. Itamfikia."

Basi nikarudi ofisini kumwandikia baba tangazo. Nililichukulia kama kazi, na ukweli ni kwamba lilikuwa kazi niliyoifanya vizuri kuliko zote. Niliona kichwa cha tangazo la baba yangu ni kirefu mno, nikakipunguza. Niliweka neno Namakwekwe na neno magereza hapo juu, kwa sababu hayo ndiyo watu wangeandika wakimtafuta. Nilipunguza uzito wa picha yake, ile ya sare, mpaka akabaki na ukungu kidogo usoni lakini akafunguka haraka. Kisha nikapanga majina.

Tovuti nzima inatafuta wageni wengi. Siku ile nilikuwa natafuta mgeni mmoja. Nilijiuliza: kaka akifungua ukurasa huu kisiwani, kwa bando dogo, atafanya nini? Nilijua jibu kwa sababu ndilo jibu langu kuhusu watu wote. Hatakuwa na uhakika kama ametajwa. Atashuka taratibu akijitafuta, dada, mimi, wakwe, wajukuu, na kila mstari utamwambia hayumo. Halafu, baada ya nafasi tupu, atajikuta. Nikampa mstari wa mwisho, wa peke yake: na mwanawe wa kwanza, aliyeko Masese, anayesubiriwa nyumbani na ndugu zake.

Niliusoma mara kadhaa. Nilifikiri ni mstari mzuri. Sikulia, lakini niliona kwamba mtu mwingine angeweza kulia, nikaridhika.

Tangazo lilisomwa redioni jioni ile, neno kwa neno, na kesho yake nikaenda Mbale. Turubai zilikuwa zimekwisha simamishwa kijijini, wanawake wanamenya matoke, malewa, yale machipukizi ya mianzi, yameloweshwa kwenye masufuria. Baba mdogo, mdogo wake baba, mzee mwenye koti kubwa kuliko mabega yake, alinishika mkono kwa mikono miwili.

"Tulisikia tangazo," alisema. "Mmefanya vizuri. Mmemweka mahali pake."

Sikuelewa. Nilimshukuru. Ni dada ndiye aliyenivuta nyuma ya jiko, simu mkononi, picha ya ukurasa wangu imejaa kwenye kioo.

"Umemweka kaka baada ya wajukuu?"

"Dada, ule ndio mstari unaosomwa zaidi. Kila mtu anaufikia. Takwimu zinaonyesha..."

"Wanaufikia akina nani? Hapa hakuna aliyesoma. Wamesikia. Wamesikia watoto wakubwa wakitajwa, wakwe wakatajwa, wajukuu wakatajwa mpaka yule wa kwangu anayenyonya, halafu ndipo akatajwa yeye. Mzaliwa wa kwanza, kwenye mkia, na watoto."

Nilitazama ile picha kwenye simu yake, mstari kwa mstari.

"Baba alisema atahesabiwa na watoto," dada alisema. "Aliyatamka akiwa na hasira, na mwishoni hata hakuyakumbuka. Sasa wewe umeyapeleka redioni."

"Nilitaka auone ule mstari."

"Basi ameuona." Alirudisha simu mfukoni mwa gauni. "Na elimu yote hiyo, mdogo wangu. Ungeacha tu karani aandike, angeandika kama wanavyoandikiwa watu wote."

Hakupandisha sauti. Mtu alikuwa anamwita aje aonyeshe chumvi ilipo, akaenda. Nilisimama pale nikiwa na simu yangu, nikafanya kile ninachojua. Nilifungua ukurasa, nikampandisha kaka juu, mbele ya dada na mbele yangu, nikaondoa ile nafasi tupu. Nilimpigia mkuu wa kituo nikamwomba lisomwe upya.

"Kwa nini? Linafanya vizuri sana," alisema. "Watu wanalituma kila mahali."

"Wanatuma picha ya la zamani," nikasema.

"Hayo ndiyo mafanikio, mzee. Pole kwa msiba."

Lilisomwa upya. Lakini ukurasa ukisharekebishwa, picha zake zilizokwisha pigwa hubaki kama zilivyo, na zilizidi kuzunguka siku nzima, kwenye makundi ya ukoo, ya kanisa, ya wastaafu wa magereza. Baadhi ya watu waliniletea simu zao waniombe niwasomee, wasijue kwamba mimi ndiye niliyeandika. Niliwasomea.

Siku ya maziko mvua ilinyesha asubuhi kisha ikaacha. Askari magereza wachache walikuja na sare kumuaga afande wao. Mchungaji aliongea kwa muda mrefu. Nilikuwa kwenye viti vya familia, chini ya turubai la mbele, na kiti cha pembeni yangu dada alikuwa amekiwekea leso ili mtu asikikalie. Nilimwona kaka wakati wa wimbo wa pili. Alikuwa amesimama ng'ambo ya uwanja, kati ya waendesha bodaboda, amevaa buti za mvua zenye magamba ya samaki. Alikuwa amezeeka. Nilijua amezeeka, lakini nilikuwa sijamtazama.

Nilizunguka nyuma ya watu mpaka alipo.

"Kaka. Kiti chako kiko mbele."

"Niko sawa hapa."

"Ulisikia redioni?"

"Nilitumiwa picha." Aliendelea kutazama jeneza. "Nilisoma mpaka chini. Si ndiyo kazi yako, watu wasome mpaka chini?"

"Ndiyo."

"Inafanya kazi. Nilisoma jina la kila mtu. Nikasema, haya, simo, nitalala. Halafu nikajikuta."

"Tumelibadilisha. Sasa uko wa kwanza."

"Nimeona na hilo. Nilikuwa nimekwisha panda mtumbwi." Alikohoa kidogo. "Umenipangia na mtoto anayenyonya, bwana."

"Haikuwa hivyo."

"Najua haikuwa hivyo. Wewe hujui kutukana, ukijaribu utaanza kwa kuomba radhi." Mmoja wa waendesha bodaboda alicheka kwa kikohozi. Kaka hakucheka. "Lakini wao wamesikia walivyosikia. Siwezi kupita katikati ya hao wazee wote kwenda kukaa kwenye kiti."

Mtu anayelipwa kutafuta maneno yanayowafanya watu wabaki alisimama pale bila neno. Nikarudi kukaa.

Kaburini baba mdogo alinyoosha mkono kunielekea. Niliinama, nikachukua udongo, na niliuona mkono wangu kama mkono wa mtu kwenye picha. Nilitazama ng'ambo. Kaka hakutikisika. Dada alikuwa ananitazama mimi, akisubiri niutupe au nisiutupe.

"Aliye mkubwa wetu yuko hapa," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, lakini watu wa karibu walisikia.

"Tumesikia tangazo," baba mdogo akasema, bila ubaya, kama anayenikumbusha zamu. "Endelea, mwanangu."

Kaka aliniashiria kwa kidevu nitupe. Nikatupa. Dada akatupa, uso wake umegeukia pembeni. Wakwe wakatupa. Wajukuu wakapita kwa mstari, wakubwa na wadogo, na wa mwisho dada alimshika mkono yule anayenyonya, akauachilia udongo uliokuwa kwenye vidole vyake vidogo. Kisha pakawa na nafasi tupu. Watu walidhani familia imemaliza, wakaanza kusogea.

Ndipo kaka alipovuka uwanja. Alikuja peke yake, kwa mwendo wa kawaida, akasimama pale dada alipokuwa amemshika mjukuu mdogo. Hakuna aliyemzuia, maana alikuwa mahali alipotangazwa. Aliokota udongo, akautupa. Hakurudi nyuma. Alibaki akitazama chini, na wazee waliokuwa wameanza kuondoka wakalazimika kusimama, kwa sababu huwezi kumpa mgongo mtu aliye kaburini kwa baba yake. Uwanja mzima ulimtazama. Baba mdogo alivua kofia. Hata mimi nilitazama, nikisubiri kuona kitu kitakachonijia, na hakikuja.

Wachimbaji walipoanza kufukia, kaka alichukua koleo la mmoja wao akaendelea nalo. Watu walikwenda kwenye chakula. Dada alikuwa tayari anapakua, macho mekundu, mikono imara.

"Nenda kamuulize kama atakula," aliniambia. "Au kama anarudi Masese sasa hivi."

Nilikwenda. Alikuwa ametota jasho, shimo limejaa nusu. Nilimuuliza kama dada alivyosema.

Alichoma koleo kwenye tope, akapumzika kidogo bila kunitazama.

"Niwekee," alisema.

Nikaenda kumwekea.